Kifo cha Gafula Kina Sababu: Habari ya Mushipa Mukubwa Unaovimba Bila Kusema

Mambo haya munayajua. Baba wa familia amerudi kutoka kazi, amenawa, amekula bukari na samaki, amecheka na watoto. Katikati ya usiku analia tumbo na mugongo. Anatoka jasho baridi, anaanguka. Mbele ya jua kutoka, kilio kimeanza. Na mbele ya kaburi kuchimbwa, maneno vilevile yameanza: «Jana alikuwa muzima! Nani alimupa chakula? Nani alikosana naye?» Mumoja anasema sumu, mwingine anasema bulozi. Na mara mingi anayeonyeshwa kidole ni mujane, ao mutoto asiye na mutu wa kumutetea.

Hatuzarau uchungu wa mutu aliyefiwa. Lakini swali la «nani alimuua?» linafunga mulango wa swali lingine lenye faida zaidi: «Ni kitu gani kiliharibika ndani ya mwili wake?» Kifo cha gafula kinaweza kutoka kwa moyo, kwa ubongo, ao kwa damu iliyogandama katika mapafu. Leo tunazungumuza sababu moja ambayo wengi hawajasikia jina lake: anevrizimu ya aorta. Wanganga wameichunguza miaka mingi, na mambo waliyoyapata yanaweza kuokoa mutu wa nyumba yako.

Mutu mwenye akili nyingi, na mushipa wake

Jina la Albert Einstein munalijua kutoka masomo. Kwetu Katanga jina lile haliko mbali. Mwezi wa 8 mwaka 1939 Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani juu ya nguvu ya uraniumu, na ndani ya barua ile Kongo ilitajwa kama mahali pa maana kupita pengine pa kupata uraniumu. Uraniumu ile ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Sasa, mutu huyu alisumbuliwa na maumivu ya tumbo kwa miaka. Mwezi wa 12 mwaka 1948, munganga Rudolf Nissen alimupasua katika hospitali moja ya Brooklyn, muji wa New York. Alikuta mushipa mukubwa wa damu ndani ya tumbo umevimba kama pamplemusi. Wakati ule kazi ya kutoa kipande kilichovimba na kuweka kingine ilikuwa haijajulikana. Nissen alifanya alichoweza: alizungusha mushipa na selofani, ile karatasi ya kungaa wanayofungia bombo, ili mwili utengeneze kovu ngumu ya kushika mushipa. Einstein aliishi tena miaka zaidi ya 6. Kisha, mwezi wa 4 mwaka 1955, mushipa ulipasuka. Wanganga walitaka kumupasua tena, yeye akakataa. Alikufa Princeton tarehe 18 ya mwezi ule, akiwa na miaka 76.

Hakukosa feza, hakukosa wanganga wazuri. Ugonjwa huu hauchagui mukubwa wala mudogo.

Aorta ni nini?

Wewe unayefanya kazi ya kiwanda ao ya mugodi, unajua tiyo kubwa inayotoka kwenye pompi mbele ya kugawanyika katika tiyo ndogondogo. Katika mwili, pompi ni moyo, na tiyo kubwa ni aorta. Inatoka juu ya moyo, inapinda kama mukono wa fimbo, inashuka ndani ya kifua karibu na uti wa mugongo, inaingia tumboni. Karibu na kitovu inagawanyika mara mbili, kwa miguu. Katika tumbo upana wake ni karibu santimetre 2.

Moyo unasukuma damu ndani yake mara 100.000 hivi kwa siku. Kwa kuvumilia kazi ile, ukuta wa aorta uko na nyuzi zinazovutika na kurudi, kama mupira. Nyuzi zile zikichakaa, ukuta haurudi tena vizuri. Unatokeza inje pole pole, sawa vile mupira wa ndani wa kinga unavyotokeza mahali palipo zaifu. Katika tumbo, aorta ikifika upana wa santimetre 3, wanganga wanasema: hii ni anevrizimu.

Na hapa ndipo hatari iko. Tiyo ikizidi kupanuka, damu inavuta ukuta kwa nguvu zaidi, hata kama tansio ni ileile. Ukuta unaovutwa zaidi unapanuka tena, na kupanuka kunaongeza kuvutwa. Mwenyewe anakula, anatembea, analala, hasikii kitu. Siku inapopasuka, katika watu 10 karibu 8 wanakufa, na wengi wao hawafiki hata hospitali.

Kuna hatari nyingine ya aorta, ndugu ya ile ya kwanza: ngozi ya ndani ya mushipa inachanika, damu inaingia kati ya safu za ukuta na kuzitenganisha. Mutu anasikia maumivu ya gafula, makali sana, kifuani ao mugongoni, kama anapasuliwa na kisu. Hapa adui wa kwanza ni tansio ya juu isiyotunzwa.

Ukuta unaharibika juu ya nini?

Zamani kaswende isiyotunzwa ilikuwa sababu kubwa ya anevrizimu katika kifua. Tangu penisilini ilipoenea nyuma ya vita ya 1940-1945, sababu ile imepunguka sana. Kwa anevrizimu ya tumbo, uchunguzi wa inchi mbalimbali ulionyesha adui wengine, na wa mbele kupita wote ni tumbako. Moshi wa sigara unaingia katika damu na kuamusha vita ndani ya ukuta wa mushipa. Chembe za damu zinazolinda mwili zinajaa pale na kutoa vitu vinavyokata zile nyuzi za kuvutika. Mutu akiacha sigara, hatari inaanza kushuka, lakini inachukua miaka mingi.

Wengine ni hawa: uzee, zaidi nyuma ya miaka 65, kuwa mwanaume, kwa maana wanaume wanapatwa mara nyingi kupita wanawake, tansio ya juu, na damu ya familia. Mutu ambaye baba, mama ao ndugu wa tumbo moja alikuwa na anevrizimu ya tumbo, hatari yake ni karibu mara mbili ya ile ya wengine. Shika neno hili la familia, tutalirudilia.

Jambo moja liliwashangaza watafiti: wagonjwa wa sukari wanapata anevrizimu ya tumbo kidogo kuliko wengine. Kwa hiyo sasa wanajaribu metformini, dawa ya zamani ya sukari, kuona kama inaweza kuzuia uvimbe. Tunangoja jibu. Usiende kuinunua kwa farmasi juu ya kusoma habari hii!

Mashini ya mama wenye mimba

Kama mugonjwa hasikii kitu, munganga atajua namna gani? Mama wengi wamekwisha kulala chini ya mashini inayojibu swali hili, nayo ni ekografi.

Asili yake itawapendeza wafundi wa chuma. Mwaka 1955 munganga Ian Donald wa Glasgow, Uingereza, alichukua vipande vya uvimbe alivyotoa katika matumbo ya wagonjwa, akavipeleka kwa kiwanda kinachotengeneza makopo makubwa ya mvuke. Wafundi wa pale walikuwa na mashini ya kutafuta ufa ndani ya chuma: inatuma sauti ambayo sikio haliwezi kusikia, na sauti inaporudi inaonyesha kilicho ndani. Donald aliona kwamba mwili nao unajibu sauti ile. Mwaka 1958 yeye na wenzake walitoa habari hiyo katika gazeti kubwa la wanganga, na tangu pale mashini ya kutafuta ufa wa chuma ikawa mashini ya kuangalia mutoto tumboni.

Mashini hiyohiyo inapima aorta. Munganga anapaka mafuta baridi juu ya tumbo, anapitisha chombo, anasoma upana. Haiumizi, haina sindano, na inachukua dakika kidogo tu.

Je, kupima watu wasiolia kitu kunaokoa kweli, ao ni kupoteza feza? Waingereza walitaka jibu la hesabu, si la kuzani. Kuanzia mwaka 1997 walichukua wanaume 67.800 wenye miaka 65 mpaka 74 na kuwagawanya kwa kura. Nusu wakaitwa kupimwa, nusu hawakuitwa. Katika 27.147 waliokuja, 1.333 walikuwa na anevrizimu bila kujua. Nyuma ya miaka 4 hivi wakahesabu wafu wa ugonjwa huu: kati ya wale walioitwa, 65, kati ya wale wasioitwa, 113. Jibu lilitoka mwaka 2002. Kuanzia 2009 serikali ya Uingereza ilianza kuita wanaume wote wa miaka 65 wapimwe mara moja. Swideni nayo ilianza mwaka 2006, na 2015 ikawa imefika inchi nzima.

Hesabu hizi ni za wanaume wa Uingereza, si za Katanga. Lakini zina fundisho kwa wote. Leo pale Uingereza, katika wanaume 100 wa miaka 65 wanaopimwa, karibu 1 tu anakutwa na uvimbe. Sababu kubwa ya kupunguka huku ni kwamba watu wengi wameacha sigara. Kuacha sigara hakuombi mashini wala feza.

Si kila uvimbe unakatwa

Usizani kwamba kukutwa na anevrizimu ni kwenda kupasuliwa kesho. Katika miaka ya 1990 Waingereza walifuata wagonjwa 1.090 wenye uvimbe wa santimetre 4 mpaka 5,5. Wengine walipasuliwa mara moja, wengine walipimwa tu kila wakati. Mwaka 1998 ilionekana kwamba waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya wengine. Wamarekani wakajaribu vilevile, na mwaka 2002 wakapata jibu lilelile. Ndiyo maana uvimbe mudogo unaangaliwa kwa ekografi. Kwa mwanaume, upasuaji unazungumuzwa hasa kuanzia santimetre 5,5. Kwa mwanamuke, kuanzia 5 hivi, maana wake unapasuka ukiwa mudogo zaidi.

Kazi yenyewe imeendelea sana. Mwaka 1951, Paris, munganga Charles Dubost alitoa aorta ya tumbo iliyovimba na kuweka kipande cha aorta ya mutu aliyekufa. Kule Houston, Michael DeBakey alinunua kitambaa cha dakroni katika magazini na kushona tiyo mwenyewe na mashini ya kushona ya bibi yake. Ndiyo, mama, mashini kama ile ya kwako! Mwisho wa mwaka 2005 DeBakey mwenyewe alichanika aorta. Akapasuliwa mwaka 2006 akiwa na miaka 97, kwa kazi ambayo yeye alisaidia kuianzisha, akapona, akaishi mpaka 2008. Tangu 1990, kazi ya Juan Parodi wa Buenos Aires ilifungua njia nyingine: kupitisha tiyo ya kitambaa ndani ya mushipa wa paja mpaka mahali pa uvimbe, bila kufungua tumbo.

Na kidonge? Mpaka leo hakuna kidonge kilichoonyesha kwamba kinazuia anevrizimu ya tumbo kukua. Wengi walitumaini doksisiklini. Ilijaribiwa vizuri Marekani, na mwaka 2020 jibu likatoka: uvimbe uliendelea kukua sawasawa na kwa wale waliokunywa kidonge kisicho na dawa. Mutu akikuuzia kokoni ao majani «ya kurudisha mushipa», shika feza yako.

Kijana murefu, habari hii ni yako

Vijana, musiseme «hii ni ya wazee». Flo Hyman alikuwa mucezaji mukubwa wa voleboli wa Marekani. Urefu wake ulipita metre 1,95, na mwaka 1984 timu yake ilipata medali ya feza katika Olimpiki ya Los Angeles. Tarehe 24 mwezi wa 1 mwaka 1986, muji wa Matsue, Japani, alitoka kiwanjani kupumuzika, akakaa kwenye benchi, akaanguka. Alikuwa na miaka 31. Kwanza walisema ni moyo uliosimama. Familia haikutosheka. Waliomba mwili ufunguliwe na kuangaliwa kwao, na wanganga wakakuta aorta imechanika juu ya ugonjwa wa Marfan.

Ugonjwa ule ulitajwa kwanza na munganga Mufransa Antoine Marfan, mwaka 1896, alipoona mutoto mwanamuke mwenye vidole virefu na vyembamba sana. Mwaka 1991 watafiti, kati yao Hal Dietz wa Baltimore, walionyesha kosa lenyewe: liko katika jeni moja inayotengeneza fibrilini, uzi unaoshikilia ukuta wa aorta, macho na mifupa. Karibu mutu 1 katika 5.000 yuko nao, katika kila taifa. Muzazi aliye nao, kila mutoto wake ana nusu ya bahati ya kuupata. Mwaka 2022 watafiti waliunganisha majaribio mengi na kuona kwamba losartani na dawa za jamaa yake, ambazo ni dawa za tansio, zinapunguza mwendo wa uvimbe kwa wagonjwa hawa.

Sasa sikia mwisho wa habari ya Flo Hyman. Kwa sababu kifo chake kilichunguzwa, ndugu yake naye akapimwa. Wakakuta aorta yake imeharibika, wakamupasua mbele ya ajali. Kama familia ile ingekubali neno la kwanza na kuzika, angekufa bila kujua, na watu wangesema familia imerogwa.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, pima tansio. Baba na mama wenye miaka 40 na zaidi, fanyeni hivyo hata kama hamusikii kitu. Ukipewa dawa ya tansio, usiiache siku unapojisikia vizuri.

Pili, acha sigara na tumbako ya kila namna. Kijana ambaye hajaanza, asianze.

Tatu, ukienda kufanya ekografi ya tumbo kwa sababu nyingine, nawe ni muzee uliyevuta sigara, ao mutu wa familia yako alikufa gafula, uliza bila haya: «Munganga, tafazali niangalilie na upana wa aorta.»

Ine, kijana murefu sana mwenye mikono mirefu kupita kimo chake, vidole vyembamba, kifua kilichoingia ndani ao kutokeza, na macho yasiyoona mbali, aangaliwe moyo na aorta na munganga mbele ya kucheza basketi ao kubeba mizigo mizito. Urefu peke yake si ugonjwa. Ni alama hizi zikikutana. Walimu wa michezo, muangalie watoto wenu.

Tano, dawa ya siprofloksasini, ile «sipro» inayouzwa hata sokoni, inaweza kuongeza hatari ya aorta kupasuka kwa mutu aliye na uvimbe ao Marfan. Wakubwa wa dawa wa Marekani walitoa onyo hilo mwaka 2018. Kama uko katika watu hao, umwambie munganga mbele hajaandika dawa.

Sita, maumivu ya gafula na makali ya kifua, mugongo ao tumbo, pamoja na jasho baridi ao kuzimia, si ya kungoja asubuhi. Musimukande, musimupe dawa ya kuharisha. Tafuteni motokari, mumupeleke hospitali, na museme wazi: «Imeanza gafula, saa fulani.»

Na kama kifo kimekwisha kufika? Munganga akiomba ruhusa ya kuchunguza mwili, musifikiri ni kuzarau mufu. Na kama uchunguzi hauwezekani, mbele ya kumuonyesha mujane ao mutoto kidole, kaeni na wazee muulize: Baba yake alikufa namna gani? Na baba mukubwa? Gafula? Na miaka mingapi? Alisema anaumwa wapi?

Nunua kaye ndogo. Andika ndani yake majina ya wazee wako, umri wao na namna walivyokufa, wa upande wa baba na wa upande wa mama. Anza na bibi aliye bado muzima, maana yeye anakumbuka. Siku munganga atakapokuuliza habari ya familia yako, utafungua kaye.